UZI: Mzee aliyepewa Nobel kwa kuchungulia uso wa chuma

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahirisha mara nyingi, maana kila nikianza naishia kueleza mitambo na wasomaji wanasinzia. Leo naanza na mtu.

Tarehe 10 Oktoba 2007 mwanakemia Mjerumani Gerhard Ertl alikuwa anatimiza miaka 71. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba Nobel ya kemia ya mwaka ule ni yake, peke yake, hagawani na mtu. Sasa ukiuliza kavumbua nini, unakosa cha kushika. Si dawa, si betri, si elementi mpya. Munich, Hannover, Munich tena, kisha Taasisi ya Fritz Haber kule Berlin, kote huko alikuwa anaangalia kitu kimoja: nini kinatokea pale gesi inapogusa uso wa metali.

Najua kuna watakaosema "ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu. Na mambo yote ya nishati tunayobishania humu, haidrojeni, seli za haidrojeni (zinazoigeuza haidrojeni kuwa umeme), mafuta ya kutengenezwa kutokana na kaboni dayoksaidi, yanakwama au yanapita palepale alipokuwa anachungulia yeye.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kubadilika. Kwa mtihani ni sawa. Ila ukiyachukua maneno hayo yalivyo utadhani kichocheo kimesimama pembeni kama refa. Wapi! Kinaikamata molekuli, kinaivunja, kinavipanga vipande upya, kinaviachia. Kinabadilika muda wote, ila kila mzunguko ukiisha kinajikuta kilipoanzia. Kama ni metali na molekuli ni gesi, kazi yote hiyo inafanyika kwenye tabaka la juu kabisa la atomu. Tani nzima ya chuma iliyo chini ya tabaka hilo imekaa tu.

Mfano mkubwa ni amonia, yaani mbolea. Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa, ipo kibao. Shida ni kwamba atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha kunataka kilojuli 945 hivi kwa moli. Oksijeni inataka kama 498. Ndiyo maana chuma kikiachwa nje kinaliwa na oksijeni, halafu naitrojeni iliyo nyingi mara nne inakipitia chuma hichohicho miaka nenda rudi bila kukigusa. Hilo la oksijeni na naitrojeni likumbukeni.

Mwaka 1909, kule Karlsruhe, mwanakemia Fritz Haber aliwaonyesha watu wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, kwamba inawezekana: naitrojeni na haidrojeni, presha kubwa, joto kali, na osmiamu kama kichocheo. Osmiamu ni adimu mno, kiwanda hakiendeshwi nayo. Carl Bosch akapewa kazi ya kujenga mtambo, na Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kichocheo cha bei ya kueleweka. Mittasch na wenzake walipima maelfu ya michanganyiko. Chuma safi kiliwaangusha. Kilichowatoa ni madini ya chuma, magnetaiti, kutoka Gällivare, Sweden. Walipochunguza wakaona siri iko kwenye uchafu: madini yale yalikuwa na vitu vingine ndani yake. Wakaacha kutegemea bahati, wakawa wanachanganya wenyewe, oksidi ya aluminiamu kidogo, kalsiamu kidogo, potasiamu kidogo. Mwaka 1913 mtambo wa Oppau ukawaka. Kichocheo cha namna hiyo, kwa marekebisho ya hapa na pale, ndicho kinachotumika mpaka leo.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Haber akapewa Nobel ya 1918, Bosch akapewa yake 1931, amonia inatoka kwa tani na tani, na hakuna mtu duniani aliyejua chuma kinaifanya nini naitrojeni. Kulikuwa na kambi mbili. Wa kwanza walisema molekuli ya naitrojeni inavunjika kwanza, halafu haidrojeni inazifuata atomu mojamoja. Wengine walisema hapana, haidrojeni inajishikiza wakati atomu mbili za naitrojeni bado zimeshikana, na mwisho ndiyo zinaachana. Ubishi ule ulidumu miongo kadhaa.

Naendelea chini, msiweke koma.

#2 – Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Tiririka mkuu.

#3 – Mleta uzi

Kwa nini walishindwa kuumaliza ubishi? Kwa sababu uso hauonekani, na hata ukionekana ni mchafu.

Sentimita moja ya mraba ya metali ina atomu kama milioni mara bilioni juu yake, yaani 1 na sifuri 15. Nyingi kuzitaja, lakini ni tabaka moja. Ukipima kwa njia za kawaida, kipimo chako kinasoma yaliyo ndani na kulisahau tabaka hilo. Halafu kuna hesabu hii ambayo kila aliyepita kwenye kazi hizi anaijua kwa moyo. Chukua hewa, ipunguze presha mpaka ibaki kama sehemu moja ya bilioni. Unadhani hapo hakuna kitu? Molekuli zilizobaki zinaugonga uso kwa wingi kiasi kwamba, kama kila moja ikinata, uso wako msafi unafunikwa wote ndani ya sekunde moja hivi. Sekunde moja! Ili upate saa mbili tatu za kufanya kazi, lazima ushuke tena mara elfu kumi chini ya hapo. Ombwe la namna hiyo lilianza kupatikana kirahisi miaka ya 1960, mahitaji ya chombo cha anga na ya elektroniki yakisukuma, na Ertl akaingia nalo kwenye kemia akiwa kijana.

Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara yenye chombo kama hicho, kwa hiyo niwape picha. Ni mtungi wa chuma cha pua wenye madirisha na mabomba kila upande, unafanana na nyambizi iliyokosewa. Ukishaufunga unauzungushia nepi za foili ya aluminiamu, unauwashia hita, unaukaanga kwenye nyuzi 150 hivi siku nzima au mbili ili maji yaliyonata kwenye kuta za ndani yatoke. Maji hayo huyaoni, lakini yapo. Siku moja mtu mmoja alirudisha skrubu ya ndani kwa mkono mtupu, bila glavu. Alama moja ya kidole. Tukafunga, tukakaanga, tukasubiri, namba ya presha ikashuka ikafika mahali ikagoma. Siku ya nne tukafungua upya. Mafuta ya kidole yalikuwa yanajiachia humo kidogokidogo bila haraka. Mtu huyo alikuwa mimi.

Na hapo ni chombo tu, chuma chenyewe bado. Unataka fuwele moja, iliyokatwa ili atomu za juu zijipange kwa mtindo mmoja unaoujua. Unaipiga kwa ayoni za argoni kung'oa tabaka la juu, halafu unaipasha joto ili atomu zijipange upya. Ukiipasha, salfa na kaboni zilizokuwa zimejificha ndani zinapanda juu. Unapiga tena, unapasha tena. Na huwezi kuipasha unavyotaka, maana chuma kikivuka nyuzi 912 atomu zake zinabadili mpangilio na fuwele yako imekwisha. Kuna watu wamemaliza wiki nyingi hapo kabla ya kupima chochote.

Ukishaipata, unairushia elektroni za kasi ndogo na zinarudi zikiwa zimejipanga kama nukta kwenye kioo. Nukta hizo zinakuambia atomu zimekaaje. Njia hiyo ilitokana na ajali: kwenye maabara ya Marekani, mwaka 1925, hewa iliingia kwenye chombo cha wanafizikia Davisson na Germer ikaharibu kipande chao cha nikeli. Walipokipasha joto kukisafisha, kikajijenga fuwele kubwakubwa, na elektroni zikaanza kurudi kwa mpangilio ambao hawakuwa wameuona.

#4 – Mleta uzi

Sasa majibu. Ertl na kundi lake walikiachia chuma safi naitrojeni, wakahesabu. Waliona molekuli ikifika usoni inalala kwanza kwa ubavu, halafu inakatika. Lakini inakatika kwa nadra ya kutisha: kati ya molekuli milioni zinazougonga uso, labda moja ndiyo inayoacha atomu zake pale. Zilizobaki zinadunda na kwenda zao.

Kuhusu ule ubishi, walifanya kitu rahisi. Walipima atomu za naitrojeni zilizobaki usoni baada ya mmenyuko, wakiongeza haidrojeni. Kadiri haidrojeni ilivyozidi, atomu zile zilipungua. Maana yake ni kwamba haidrojeni inazila, na zinazoliwa ni atomu mojamoja, wala si molekuli nzima. Kambi ya kwanza ikashinda. Na kwa kuwa zinaliwa upesi kuliko zinavyozaliwa, kinachochelewesha mmenyuko wote ni kule kukatika. Hatua nyingine zote, haidrojeni kujishikiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, amonia kuondoka, ni foleni nyuma ya mlango mmoja.

Halafu uchafu. Hilo neno mmelisikia kule #1. Mittasch alifanikiwa kwa sababu ya uchafu. Ertl alianza kwa kuuondoa wote mpaka wa mwisho, na alipokuwa na chuma kitupu akaanza kuurudisha mmoja baada ya mwingine, akijua ameweka nini na kiasi gani. Aliporudisha potasiamu kidogo juu ya uso, naitrojeni ikaanza kukatika mara mamia zaidi ya mwanzo. Potasiamu inaachia elektroni zake kirahisi. Chuma kilicho jirani yake kinapata elektroni za ziada, kinaikumbatia naitrojeni kwa nguvu zaidi, na elektroni hizo zinaingia sehemu ya molekuli inayolegeza kifungo. Aluminiamu nayo haigusi naitrojeni kabisa. Oksidi yake inakaa katikati ya chembe za chuma na kuzizuia zisiyeyukiane zikawa donge. Vitu viwili Mittasch aliviweka kwenye chungu kimoja kwa kupapasa, kumbe vina kazi mbili tofauti kabisa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Ertl alipowazidi wengine. Wenzake walikuwa wanauliza kichocheo gani ni bora. Yeye aliuliza ni hatua gani inayochelewa, na nani anaicheleweshaje.

#5 – Sijashawishika

Mleta uzi umeandika vizuri ila ngoja niwe mkweli. Umesema mwenyewe mtambo ulianza 1913 na kichocheo ni kilekile mpaka leo. Sasa huyu mzee aliongeza nini? Naona watu wamelipwa kueleza kitu ambacho mafundi walishakimaliza.

#6 – Mleta uzi

Mkuu, nusu ya hoja yako nakupa yote. Ni kweli, kichocheo cha Mittasch hakikufukuzwa na Ertl. Anayedai kwamba sayansi ya nyuso ndiyo iliyozaa mbolea anadanganya.

Lakini Mittasch alipata jibu moja la swali moja, kwa kupapasa maelfu ya mara. Leo unataka kichocheo kingine kwa mmenyuko mwingine, unaanza kupapasa upya? Ukishajua kwamba tatizo ni kukatika kwa naitrojeni, unaweza kuhesabu. Kundi la Jens Nørskov kule Denmark lilifanya hivyo. Walichora metali kwa kigezo kimoja, zinaishika naitrojeni kwa nguvu kiasi gani. Zinazoishika kidogo hazikati kifungo. Zinazoishika mno zinakata lakini haziachii, uso unajaa, kazi inasimama. Mchoro ukatoka kama mlima, na juu kabisa kuna rutheniamu na chuma. Kobalti iko upande mmoja, haishiki vya kutosha. Molibdenamu iko upande wa pili, ni king'ang'anizi. Wakauliza, tukiziunganisha? Hesabu ikasema zitaangukia karibu na kilele, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba mchanganyiko wa kobalti na molibdenamu kweli unatengeneza amonia vizuri, wakati kila moja peke yake ni goigoi.

Wazo la kushika kwa kiasi ni la zamani, Paul Sabatier wa Ufaransa alishalisema, naye alipata Nobel 1912. Kilichokosekana ni namba. Namba zilitoka kwenye mitungi ya ombwe.

#7 – Mwanafunzi wa Milele

Kaka asante kwa uzi, mimi nasoma kemia na kuna kitu kinanisumbua. Mtambo wa amonia unaendeshwa kwa presha ya angahewa 150 hadi 250 na joto la nyuzi 400 hadi 500. Ertl yuko kwenye ombwe. Tofauti ya presha ni kubwa kiasi cha kichekesho. Tunajuaje kwamba kinachotokea kwenye mtungi ndicho kinachotokea kiwandani?

#8 – Mleta uzi

Dada (au kaka, samahani), hilo ndilo swali lenyewe, na wapinzani wa Ertl walilipiga kelele miaka mingi. Tofauti ni kama 1 na sifuri 15.

Majibu yalikuja kwa njia mbili. Kwanza, mwanakemia Gábor Somorjai kule Berkeley, Marekani, alitengeneza chombo ambacho fuwele inasafishwa kwenye ombwe, halafu inafungiwa ndani ya kikombe kidogo palepale na kupewa gesi ya presha ya angahewa 20, kisha inarudi kwenye ombwe bila kuonja hewa ya nje. Akapima nyuso tatu za chuma kilekile, kilichokatwa kwa pembe tatu tofauti. Uso uliobanana, ambao atomu zake zimejipanga kama watu waliosimama bega kwa bega, ulipewa alama 1. Wa pili ukapata 25. Wa tatu, ulio wazi, wenye mashimo yanayoacha atomu za tabaka la pili na la tatu zikichungulia nje, ukapata 418. Chuma ni kilekile, kilo ni ileile, tofauti ni pembe uliyokatia. Na mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho ukawa uleule ambao Ertl aliuona kwenye ombwe.

Pili, mwaka 1985 Per Stoltze na Nørskov walichukua namba zilizopimwa kwenye ombwe, wakaziingiza kwenye hesabu, wakakokotoa mtambo halisi wa presha kubwa utatoa amonia kiasi gani. Hesabu ikakaribiana na kilichokuwa kinatoka. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia mara mbili.

Ila nisikudanganye, si kila mmenyuko una adabu hivyo. Kuna metali ambazo zikipewa oksijeni ya presha kubwa uso wake wote unageuka oksidi, na ulichopima kwenye ombwe kinakuwa habari ya kitu kingine. Ndiyo maana siku hizi wanatengeneza vipimo vinavyoweza kuusoma uso ukiwa ndani ya gesi, kazini.

#9 – Fundi Sanifu

Huo mfano wa 418 umenikamata. Ina maana kinachofanya kazi ni sehemu iliyovunjikavunjika, siyo iliyonyooka?

#10 – Mleta uzi

Fundi, umeingia chumbani moja kwa moja. Ndiyo.

Rutheniamu ndiyo ushahidi mkali. Uso wake ukiuangalia kwa darubini inayopapasa atomu moja moja, unaona uwanda mpana halafu ngazi ya kimo cha atomu moja, uwanda, ngazi. Kundi la Denmark lilichukua dhahabu kidogo sana, asilimia chache tu ya inayotosha kufunika uso. Dhahabu ina tabia ya kukimbilia kwenye ngazi. Ikaziba ngazi zote, uwanda ukabaki wazi vilevile. Kasi ya kukata naitrojeni ikaanguka zaidi ya mara milioni. Asilimia 98 ya uso ipo, haijaguswa, na kazi imekufa. Ule uwanda wote ulikuwa unakula mshahara wa bure.

Hadithi hiyohiyo ikaja na kwenye haidrojeni. Kuna unga mweusi wa molibdenamu na salfa, mafundi wanaujua kama kilainishi cha vyuma. Umejipanga kama karatasi zilizolaliana. Kwa kutengeneza haidrojeni kutoka kwenye maji ulionekana hauna maana. Mwaka 2005 hesabu zikasema usiangalie uso wa karatasi, angalia ukingo wake, unafanana na kimeng'enya cha bakteria. Mwaka 2007 wakatengeneza vipande vidogovidogo, wakavipiga picha, wakapima urefu wa kingo zake zote, na kasi ya haidrojeni ikafuata urefu wa kingo. Eneo la uso halikuwa na neno. Tangu hapo kazi ya watu imekuwa kuuchanachana ule unga ili kingo ziwe nyingi.

#11 – Haidrojeni Tu

Mimi nangoja sehemu ya nishati. Seli za haidrojeni zinaingiaje kwa huyu mzee?

#12 – Mleta uzi

Kupitia platinamu. Ertl alikaa miaka mingi na mmenyuko unaoonekana wa kitoto: kaboni monoksaidi na oksijeni juu ya platinamu, unapata kaboni dayoksaidi. Ndio unaofanyika kwenye bomba la moshi la gari. Kaboni monoksaidi inahitaji siti moja tu kukaa usoni. Oksijeni inahitaji siti mbili zilizo jirani, kwa sababu lazima ikatike. Kaboni monoksaidi ikijaa, oksijeni haipati siti mbili pamoja, na abiria waliokaa hawashuki. Hiyo ndiyo sumu yenyewe.

Kwenye seli ya haidrojeni inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, ni hivyohivyo. Haidrojeni iliyotengenezwa kutokana na gesi asilia ikibaki na kaboni monoksaidi hata sehemu chache kwa milioni, inapanda juu ya platinamu, inakaa, na umeme unashuka. Wanaochanganya rutheniamu na platinamu wanatafuta atomu jirani itakayoleta oksijeni ya kumtoa huyo abiria.

Upande wa pili wa seli, wa oksijeni, ndiko hasara kubwa iliko. Kinadharia seli inatoa volti 1.23. Ukiiwekea mzigo, unapata kama 0.7, na sehemu kubwa ya kilichopotea imepotelea kwa oksijeni. Platinamu inaing'ang'ania oksijeni kupita kiasi kidogo tu. Ukiweka nikeli chini yake, tabaka la juu likabaki platinamu, mshiko unalegea. Mwaka 2007 kwenye fuwele safi ilionekana kasi kuongezeka kama mara kumi. Kuitoa kwenye fuwele na kuiingiza ndani ya seli inayodumu ni vita nyingine, nikeli inayeyuka na kukimbia.

Na nyongeza isiyo na faida yoyote, ila naipenda: kwenye hali fulani mmenyuko ule wa Ertl haukai sawa, unapanda na kushuka wenyewe kama pumzi. Kumbe kaboni monoksaidi ikijaa inazipanga upya atomu za platinamu, mpangilio mpya unaipa oksijeni nafasi, oksijeni inamaliza kaboni monoksaidi, atomu zinarudi zilivyokuwa, mzunguko unaanza tena. Walipoupiga picha uso, wakakuta mawimbi na duara za konokono zikizunguka juu ya metali ambayo kwa jicho imetulia tuli.

#13 – Sijashawishika

Sawa, nimelegea kidogo. Nasikia wanataka amonia iwe mafuta ya kubebea haidrojeni. Hiyo nayo ni kichocheo kilekile kinyumenyume?

#14 – Mleta uzi

Karibu sana mkuu, nilijua utarudi. Sababu ya kuitaka ni kwamba amonia inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, haidrojeni inataka 253 chini ya sifuri. Na asilimia 17.8 hivi ya uzito wa amonia ni haidrojeni.

Kinyumenyume, ndiyo na hapana. Mlima ni uleule ila unaupanda kutoka upande mwingine. Unapotengeneza, shida ni kuikata naitrojeni. Unapoivunja amonia, haidrojeni inatoka, na atomu za naitrojeni zinabaki zimekaa usoni zikisubiri kuonana na wenzao ziondoke wawiliwawili. Sasa chuma kinazing'ang'ania. Kwa hiyo rutheniamu inafanya vizuri zaidi, na kwa kuwa ni adimu, watu wako na nikeli na michanganyiko, wanatafuta mshiko uliolegea kidogo. Wanauliza swali la Ertl tu: nani anachelewa?

#15 – Fundi Sanifu

Swali la mwisho kutoka kwa mtu wa spana. Niliwahi kushuhudia kichocheo cha amonia kikitolewa kwenye mtambo baada ya miaka mingi. Hatukuruhusiwa kufungua mpaka wapitishe gesi kwa masaa mengi, na jamaa mmoja alikaa kwenye namba za joto hasogei. Tuliambiwa kikiona hewa kinawaka. Chuma kinawakaje?

#16 – Mleta uzi

Kinawaka kweli, Fundi. Chuma kile hakina ngozi ya kutu. Haidrojeni imekivua oksijeni yote, na kimejaa vijitundu: gramu moja ina uso wa mita za mraba kumi na kitu. Mlango wazi wote huo, oksijeni ikigusa haina haja ya kubembelezwa, inakatika na kujishikiza palepale, joto linatoka, atomu ya jirani nayo inapokea, na dakika si nyingi lundo zima limekuwa jekundu.

Kwa hiyo wanakipoza kwanza, halafu wanapitisha gesi yenye oksijeni kidogo sana ndani yake, ili kila chembe ijivike ngozi nyembamba ya oksidi taratibu. Joto likipanda ghafla, yule jamaa anapunguza oksijeni, anasubiri, anaongeza tena. Na gesi inayobeba hiyo oksijeni kidogo, iliyochaguliwa kwa sababu haitakigusa chuma hata kikiwa uchi namna ile, ni naitrojeni.